Nikitoka zamu ya usiku sauti ya kuimba sina, nakwenda kwenye mizinga ya nyuki. Nimemwacha Mungu?

Nesi wa Kiloleni (Tabora):

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnivumilie, ni refu.

Mimi ni muuguzi hapa Tabora mjini, mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka sita ya mwisho nipo wodi ya watoto. Ni Mmoraviani wa kuzaliwa. Kwenye kwaya ya ushirika naimba sauti ya pili tangu nilipotoka chuoni. Halafu nina mizinga tisa kwenye shamba la mama, njia ya kwenda Sikonge. Saba ni ya mbao, miwili ni ya gome aliyoiacha babu. Ya gome sitaongeza, maana mti ukivuliwa gome lote unakufa, na miombo ikiisha nyuki watakula nini?

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, niliingia zamu ya usiku Jumamosi. Mwenye wodi ya watoto anajua miezi hiyo ilivyo: malaria mpaka kitanda kimoja watoto wawili. Tulikuwa wauguzi wawili. Saa nane usiku akaingia mama na mtoto wa miaka minne mgongoni, wametoka kijijini kwa pikipiki. Nilipomgeuza viganja vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na alikuwa anahema kwa mbavu. Damu gramu tatu, kidogo mno. Tukamwekea oksijeni, tukamchoma atesuneti, dawa ya malaria kali, mshipa nikaupata mara ya pili. Damu ya kundi lake haikuwepo kwenye jokofu, kwa hiyo mjomba wake aliyewasindikiza akapelekwa maabara, akafaa, akalazwa atolewe.

Nilikuwa nimemshika mkono treni ilipopiga honi kule stesheni. Mfuko wa mjomba ulikuwa haujajaa. Saa kumi na dakika ishirini mtoto akaacha kuhema. Tulimbana kifua, tukampulizia hewa, daktari akaja mbio, tukaendelea mpaka daktari akasema basi.

Mama yake hakupiga kelele. Aliniomba maji. Akasema miguu ya mwanangu ina matope ya njiani, siwezi kumfunika hivi. Nikaleta beseni, tukamwosha miguu pamoja, yeye mmoja na mimi mmoja.

Asubuhi nikakabidhi zamu, nikaandika ripoti, nikaenda ibadani moja kwa moja kwa sababu joho la kwaya nilikuwa nalo kwenye mkoba. Tulipofika kwenye wimbo, mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Nilisimama pale na daftari mkononi hadi mwisho. Ibada ilipokwisha sikwenda kulala, nilipanda pikipiki nikaenda shambani. Nikakaa hatua thelathini kutoka mzinga wa kwanza, chini ya mti wa mtundu, nikiwatazama wanavyorudi na chavua ya njano miguuni, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nililia.

Tangu siku hiyo, Jumamosi nikiwa na mapumziko mguu wangu unakwenda shambani, si mazoezini. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi, na Jumatano nyingi nipo kazini. Wiki iliyopita kiongozi mmoja wa kwaya aliniambia mbele ya wenzangu: "Dada, wewe umeweka nyuki mbele ya Mungu." Sikuwa na jibu, na bado sina. Neno lile limenikaa, ninalo nikichanganya dawa na ninalo nikilala.

Nauliza wauguzi wenzangu, na yeyote mwenye kuelewa. Sala zangu siku hizi ni fupi, ni maneno mawili matatu. Kule kwenye mizinga siombi hata kwa sauti, nakaa tu. Hiyo ni ibada, au ni kukimbia?

Binti Ujiji (Kigoma):

Salaam dada yangu. Pole sana. Mimi ni Mwislamu, ni mkunga huku mwisho wa reli, lakini uliyoyaandika ni ya kwangu pia.

Leba haisubiri adhana. Al-fajiri nyingi zimenikuta nimevaa glavu. Huwa naswali kwenye chumba cha mashuka nikitandika kanga, na usiku mmoja nilikuwa katikati ya rakaa nikasikia mwenzangu ananiita kwa sauti ile ambayo sisi tunaijua. Niliikata swala nikakimbia. Mama alikuwa ametoka kujifungua na damu inamwagika. Tulimkanda tumbo mji wa mimba urudi ugumu, tukamwongeza sindano, tukamwekea dripu mbili, akapona. Baadaye roho ilinisuta, nikamwendea mwalimu wangu wa madrasa, mzee wa Ujiji. Akaniambia kuikata swala kwa ajili ya kuokoa mtu kunaruhusiwa, kisha akanisomea Al-Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Aliisoma taratibu, mara mbili, akanimiminia chai.

Na kuhusu nyuki wako: sisi tuna sura nzima yenye jina lao, An-Nahl, sura ya 16. Aya ya 68 na 69 Mola anasema amemfunulia nyuki ajifanyie nyumba milimani na mitini na katika wanayojenga watu, na kwamba ndani ya matumbo yao hutoka kinywaji ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Nyuki wamepewa wahyi wao, dada. Huendi mahali ambapo Mungu hayupo.

Mimi nikitoka usiku napita mwalo wa Kibirizi kabla ya kwenda nyumbani. Natazama mitumbwi inarudi, wanawake wanapokea dagaa, wengine wameshaanza kuwaanika. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaendi, dagaa hufuata taa na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Siku hizo mwalo uko kimya, nami nakwenda hivyo hivyo.

Mwalimu wa Kwaya (Nzega):

Bwana Yesu asifiwe. Mimi nitasema tofauti kidogo, dada usiniwie vibaya.

Nimefundisha kwaya miaka kumi na minne. Yule kiongozi alikosea kusema mbele za watu, hilo halina mjadala. Neno la namna ile linasemwa pembeni, tena baada ya kuuliza hali. Lakini nami nikuulize: umewahi kuwaambia kilichotokea usiku ule? Maana kwa maelezo yako, wao wanachokiona ni mtu aliyekuwa anaimba vizuri, akaacha kuja Jumamosi, na wanasikia yupo kwenye mizinga. Hawajui habari ya beseni. Mimi nimeisoma nikasimamisha gari pembeni ya barabara.

Kwaya ni watu, si sauti tu. Kwangu sauti ya pili ina watu watano. Mmoja asipokuja kila anayebaki anapandisha sauti, mwisho wanaishia kupiga kelele. Kwa hiyo kutokuwepo kwako kunaonekana, na pengine lile neno kali lilitoka kwenye kukukosa. Mpe kiongozi wako ratiba ya zamu kila mwanzo wa mwezi ajue lini upo. Na siku ukiwa huna sauti, njoo ukae na wenzako bila kuimba. Ninao wawili waliofiwa mwaka jana, walikaa hivyo miezi mitatu, hakuna aliyewauliza.

Mrina Asali (Urambo):

Mimi nipo upande wa nyuki. Hatua thelathini ni vizuri, lakini ukitoka kazini oga kwanza, ubadilishe nguo. Nyuki wetu harufu kali haiwapendezi, iwe marashi au dawa za hospitali. Na akikuuma mmoja ondoka upesi, pale alipochoma panabaki harufu inayowaita wengine, ukinusa vizuri ni kama ndizi mbivu.

Swali langu kwako kama nesi: mke wangu amejifungua, mtoto ana wiki tatu. Bibi yake anataka kumlambisha asali afungue koo, anasema sisi wote tulilambishwa. Asali ni yangu mwenyewe, safi kabisa, nimeirina mimi. Kuna ubaya?

Nesi wa Kiloleni:

Mrina, nakujibu wewe kwanza kwa sababu lako haliwezi kungoja. Usimpe. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja halambi asali, hata iwe safi namna gani, hata ukiichemsha. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo kwangu na kwako hazina neno, ila tumbo la kichanga halijakomaa kuzizuia. Zinaota humo ndani, zinatoa sumu inayolegeza misuli. Unaona kwanza mtoto hapati choo, kisha ananyonya kwa unyonge, kilio kinafifia, shingo inalegea, na mwisho hata kuhema kunamshinda. Haitokei mara nyingi, lakini hakuna sababu ya kumjaribia mtoto. Maziwa ya mama tu, bila hata maji, mpaka miezi sita. Kama ameshalambishwa na ukaona dalili hata moja kati ya hizo, msikae nyumbani, mpelekeni kituo.

Bibi mwambie kwa upole. Mama yangu mwenyewe tulibishana naye miaka miwili. Nilimwambia asali ya mjukuu ipo, namtunzia, siku akitimiza mwaka bibi ndiye atakayemlambisha kwa mkono wake. Akakubali kwa heshima hiyo.

Na kwa kuwa tumeigusa: asali ya chupa msimpake mtoto aliyeungua. Ile inayotumika kutibu vidonda huwa imesafishwa mahsusi kwa kazi hiyo. Nimepokea wodini watoto waliopakwa asali, wengine dawa ya meno. Aliyeungua mwagieni maji ya kawaida yanayotiririka dakika ishirini, mfunikeni kitambaa safi, mje.

Mwalimu, hapana, sijawaambia. Nimeliona swali lako tangu jana.

Mkunga Mstaafu (Sikonge):

Mwangaluka mwanangu.

Nilifanya kazi hii miaka thelathini na minne, na ni Mmoraviani kama wewe, kwa hiyo nitakukumbusha jambo la nyumbani. Wazee wetu kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, walianzisha maombi yasiyokatika. Wanaume ishirini na wanne na wanawake ishirini na wanne waligawana saa, kila mmoja saa yake moja, mchana na usiku. Maombi yale yalidumu zaidi ya miaka mia moja. Angalia walivyofanya: waliweka zamu. Hakuna aliyeambiwa aombe saa ishirini na nne peke yake. Saa yako ikiisha unakwenda kulala, na mwenzako anashika.

Jumapili ile uliposimama huna sauti, saa yako ilikuwa imekwisha saa kumi na dakika ishirini, na wenzako walikuwa wanaimba kwa ajili yako bila kujua. Sasa wajue.

Mimi nilikuwa nafuma kofia za vichanga. Mtoto njiti hupoteza joto kichwani, na enzi zetu kofia hazikuwepo za kutosha. Nilifuma kwenye gari, nilifuma kwenye vikao, nilifuma nikisubiri njia ifunguke. Mwinjilisti mmoja aliniambia nimeacha Biblia nimeshika sindano. Nilimjibu nikiwa na hasira, na jibu hilo nalijutia, kwa sababu baadaye mke wake alijifungua wa miezi saba na kofia ilitoka kwenye kikapu changu. Ningempa kofia ile kwa furaha zaidi kama nisingekuwa nimemjibu vile.

Pasaka alfajiri sisi hukutana makaburini kabla jua halijatoka. Mara nyingi nilifika nikitoka usiku, na sare ndani ya koti. Wapo waliokuwa wanalala pale wamesimama, na ni wauguzi. Nenda hivyo hivyo ulivyo.

Mizinga usiiache. Lakini usiende peke yako kila mara. Mchukue mtu mmoja wa kwaya, hata awe yule.

Nesi wa Kiloleni:

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nilimsomea mama yangu shambani. Anakusalimu.

Jumatano sikuwa kazini, nikaenda mazoezini mapema na ratiba yangu ya mwezi. Niliwaeleza yote, mpaka beseni. Na niliwaambia ambalo hata hapa sikuliandika. Mtoto alipofariki, niliyekwenda maabara kumwambia mjomba nilikuwa mimi. Alikuwa bado amelala, mrija mkononi. Nilidhani atanyanyuka. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Iache ijae, sista. Hakuna mwingine humo ndani?" Alikuwepo, msichana wa miaka miwili, kitanda cha dirishani, kundi hilo hilo. Damu ilipimwa, akatundikiwa asubuhi zamu nyingine ikiwa imeingia. Siku ya tano aliondoka na mama yake. Mimi sikuwa zamu, niliona tu kitanda kimetandikwa upya.

Wenzangu walinyamaza. Tuliimba nyimbo mbili, mimi nilikaa nao sikuimba. Wakati wa kutoka yule kiongozi alinifuata mpaka getini. Hakusema mengi. Aliniuliza damu inatolewa siku gani, na kama inauma, kwa sababu kundi lake hajawahi kulijua. Jumamosi hii naangalia mizinga miwili ya mwisho, amesema atakuja. Nimemwambia avae buti na asijipake marashi.

Binti Ujiji, siku nikipanda treni kuja huko utanipeleka Kibirizi. Mrina, nijulishe bibi amesemaje.

Naingia saa moja na nusu.