Mrejesho: kile chumba cha uvundo

Habari zenu wapendwa. Wiki mbili zilizopita niliwauliza kuhusu chumba cha uani nyumbani Tanga, kilichofungwa tangu masika, ukifungua mlango unapokewa na harufu ya uvundo. Asanteni mlionijibu.

Nilianza na udi kwa kuwa ndio rahisi. Nikapata uvundo wenye manukato! Aliyesema nisogeze kabati ndiye aliyeniokoa: nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, na godoro la sufi chini lilikuwa na unyevunyevu. Godoro nimelianika juani siku 3, nikiligeuzageuza. Ukuta nikaupaka siki nyeupe, nikauacha saa nzima, kisha nikasugua kwa brashi huku nimejifunga kitambaa puani. Kabati sasa haligusi ukuta tena.

Dirisha peke yake halikusaidia. Nilipofungua na mlango unaolielekea, upepo ukapita.

Mkaa nao niliweka, beseni zima chini ya kitanda. Mkaa usiowashwa, jamani, maana shemeji alishaanza kutafuta kiberiti. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua. Kusema kweli sikuona tofauti kubwa, naona jua ndilo lililofanya kazi.

Kona moja ukungu umeanza kurudi. Fundi amegundua bomba la maji ya mvua limepasuka kwa nje, atakuja Jumamosi. Ila mama mkwe alilala humo juzi na hakulalamika, na huyo hulalamikia hata chumvi.