Shajara ya "Jack the Ripper" ya Liverpool, naanzia wapi?

Mpekuzi_Tanga: Wakuu habari za saa hizi. Naandaa kipindi cha podikasti kuhusu ile shajara ya James Maybrick, yule mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool, humo ndani anakiri yeye ndo Jack the Ripper aliyeua wanawake kule London 1888. Kila ninaposoma watu wanatupiana maneno tu, huyu orijino huyu feki. Wanasema daftari lenyewe ni la zamani kweli, sasa hiyo si inatosha? Au nianze na wino?

KaraniMstaafu: Daftari kuukuu halikuambii kitu. Lile lilikuwa albamu, kurasa za mwanzo zimekatwa, na anayetaka kughushi anatafuta nini zaidi ya hicho? Wino nao utakupotezea muda, maabara moja ilikuta kemikali ya kisasa nyingine ikasema haipo, mpaka leo wanavutana. Wewe fuatilia lilipitia mikono ya nani. Kabla ya 1992 halijulikani kabisa. Michael Barrett aliyelitoa alisema kapewa na rafiki yake wa baa, ukienda kumuuliza huyo rafiki keshafariki. 1994 mke wa Barrett anaibuka anasema jamani lile lilikuwa la kwetu, la familia. Mwaka huohuo Barrett analiambia gazeti nimeghushi mwenyewe, wakili wake akakanusha, Januari 1995 anakula kiapo tena kwamba kaghushi. Sasa shahidi huyo unamshika wapi 😂

BintiMaktaba: Mzee hapo umesahau tangazo. Tarehe 9 Machi 1992 Barrett alimpigia simu wakala wa vitabu London, tena kwa jina la uongo, anasema anayo shajara ya Ripper. Mwezi huohuo kwenye jarida la wauza vitabu likatoka tangazo kwa niaba yake, inatafutwa shajara ya kati ya 1880 na 1890, iwe na kurasa tupu zisizopungua 20. We unayo mkononi, tupu ya nini? Akaletewa kadogo ka 1891 kenye tarehe kila ukurasa, hakafai.

Ila wanaoitetea nao wana lao, siku ileile ya 9 Machi mafundi walikuwa wanabandua mbao za sakafu Battlecrease, nyumba aliyokuwa anaishi Maybrick, kwa hiyo wanasema huenda shajara ilitoka chini ya sakafu hiyo. Ndo maana ubishi hauishi.

Mpekuzi_Tanga: Duh, tarehe moja! Na yaliyoandikwa ndani je, hayana kitu alichoweza kujua muuaji tu?

KaraniMstaafu: Wanaoitetea wanaleta kile kiberiti. Kwenye orodha ya polisi ya vitu alivyokutwa navyo Catherine Eddowes, mmoja wa wanawake waliouawa, kuna kikopo kitupu cha kiberiti, na shajara inakitaja. Lakini orodha hiyo vitabu vilishaitoa miaka ya 1980, yeyote angeisoma. Halafu angalia Mary Kelly, mwingine aliyeuawa. Shajara inasema matiti yake aliyaacha mezani, kama magazeti ya 1888 yalivyoandika. Ripoti ya Dr Bond aliyeuona mwili inasema moja lilikuwa chini ya kichwa na lingine karibu na mguu wa kulia. Aliyefanya mwenyewe akosee kitu kama hicho? Na mwandiko haufanani na wosia wa Maybrick. Kwangu mimi feki, tena ya juzijuzi.

Dada_Sheria: Mimi ningekushauri kipindi ukielekeze kwa mke wa Maybrick, Florence. Maybrick alifariki 11 Mei 1889, Florence akashtakiwa kumuua kwa sumu ya aseniki kwa sababu aliloweka karatasi za kuulia nzi, na kumbe mume mwenyewe alikuwa mtumiaji wa aseniki wa siku nyingi! Akahukumiwa kunyongwa, ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, katoka 1904. Hiyo ina kumbukumbu za mahakama kabisa, sio ya kuokota.

Mpekuzi_Tanga: Dada umenifungua, kumbe vipindi viwili hivi. Na Florence baada ya 1904 aliishia wapi?

Dada_Sheria: Alirudi kwao Marekani, kafia Connecticut 1941 hana kitu.