Ukurasa wangu KAJIPEPEA nao! Huyu mtu mnamvumilia vipi?

Jamani nimetoka kikaoni sasa hivi mikono bado inatetemeka. Mnamjua, simtaji, yule wa "futa mbili weka moja". Siku tatu sijalala nalinganisha njia za kuibana serikali isitutwishe kanuni mpya kila kukicha, nikaandika ukurasa mmoja, mmoja tu, kaupokea, hata kichwa cha habari hajasoma, KAJIPEPEA NAO. Mbele ya watu!

Eti "dawa Marekani walishaipata 2017, kanuni moja ikiingia mbili zinatoka, yameisha". Yameisha nini? Ile ilikuwa amri ya rais, 2021 kaingia mwingine kaifuta siku ya kwanza ofisini, 2025 imerudi na sasa ni kumi kwa moja. Kitu cha kalamu ya mtu mmoja ndo dawa hiyo? Halafu mbili zipi? Unafuta vikanuni viwili vilivyokufa zamani havimsumbui mtu, unaleta dude moja lenye fomu za kujaza mpaka kiama, hesabu imetimia mgongo wa mwananchi umevunjika. Uingereza 2013 nao walienda na mbili kwa moja ila walipima gharama inayomwangukia mfanyabiashara, sio kuhesabu karatasi. Hiyo ilikuwa mstari wa pili. Kwenye ukurasa ule ule aliojipepea nao!

Nilitaka niseme kila kanuni izaliwe na tarehe yake ya kufa, miaka mitano, anayeitaka aje aitetee upya. Sikufika hapo, yeye fwap fwap fwap huku ananitazama usoni.

Kibiriti: Pole mkuu, ila angalau ukurasa umemsaidia mtu na joto 😂😂

MamaHoja: Tarehe ya kufa nayo danganya toto. Muda ukifika wanazihuisha zote kwa mkupuo hakuna anayesoma. Wabunge wapige kura basi.

Sumbuka: Wabunge wepi? Marekani wana sheria tangu 1996 inayowaruhusu kufuta kanuni, miaka 20 ya kwanza wamefuta MOJA. 2017 ndo wakaanza kufyeka.

Mleta uzi: Mbona mnahama? Nimesema ALIJIPEPEA

Kibiriti: Afadhali wewe, mimi huyo huyo kaazima kalamu yangu mwaka jana mpaka leo hajarudisha

MamaHoja: Ya buluu?? Hata yangu anayo!!

Sumbuka: Kumbe ndo yeye, mimi nina kiti changu kwake