Mrejesho: Kulala hemani kwenye nyasi za juu, milima ya Mahale

Wakuu, salaam. Niliuliza hapa namna ya kulala hemani bila kutetemeka usiku kucha kwenye nyasi za juu Mahale, njia ya kwenda kilele cha Nkungwe, mita 2,462. Tumeshuka salama, niko Kigoma mjini. Asanteni sana.

Kilichosaidia kuliko vyote ni ule ushauri wa mkeka chini ya godoro. Baridi ya pale inapandia ardhini, na mkeka ulizidi hata blanketi la pili. Dada aliyesisitiza fulana na soksi kavu za kulalia tu, Mungu akubariki. Zile za kupandia zilikuwa zimelowa jasho chapachapa.

Madirisha ya hema nayo tuliyaacha wazi kidogo. Alfajiri turubai la nje lilikuwa limejaa umande, ndani pakavu. Mwenzetu alifunga zipu zote, akaamshwa na matone ya mvuke wa pumzi yake yakimdondokea usoni.

Maharage ndiyo yalikataa. Tuliyaloweka usiku kucha kama mlivyosema, lakini kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, kwa hiyo maharage hayaivi upesi. Gesi ikakaribia kuisha, maharage bado yanagongana kwenye sufuria. Tukala ugali kwa dagaa wa kukaanga tuliobeba kutoka mjini, na askari wa hifadhi aliyetuongoza akaongeza mara mbili. Atakayepanda, abebe dagaa, maharage ayaache nyumbani.