NEWS si pande nne za dunia! Yule mtangazaji wa asubuhi atatumaliza

Wakuu, nina hasira mpaka chai imepoa. Yule wa kipindi cha asubuhi, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo tena hewani, kwa sauti ya kutangaza kiama: "NEWS ni north, east, west, south." Wanafunzi wa uandishi wa habari waliokuwa studio, kwa maelezo yake mwenyewe, wakaandika kwenye madaftari. Wakaandika!

News ni new, yaani -pya, ikatiwa s ya wingi: mambo mapya. Waingereza walikuwa nalo tangu mwisho wa karne ya 14, wakifuata nouvelles ya Wafaransa, ambayo nayo ni wingi. Zamani waliandika newes, na karatasi za habari zilizochapwa London mwaka 1622 zina Newes kwenye kichwa. Haya, hiyo e ya pili ni upande gani wa dunia? Shakespeare kwenye tamthilia ya Henry IV sehemu ya pili anasema "these news", yaani hizi, si "this". Wingi mtupu!

Halafu dira husomwa kufuata mwendo wa saa: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Ingekuwa NESW. Nani anasoma dira kwa kurukaruka kama panzi? Na watoto wa watu wameandika kwenye madaftari!

Kitasa: Huyo huyo ndiye aliyesema OK ni "zero killed", eti askari wamerudi vitani wazima wote. Uongo mweupe. OK ilichapwa kwenye Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, kifupi cha utani cha "oll korrect", all correct iliyokosewa kwa makusudi. 1840 wafuasi wa Rais Van Buren wa Marekani, mzaliwa wa Kinderhook, wakaidaka kwenye kampeni: Old Kinderhook.

Mla Mbivu: Mtu mzima unanuna kwa herufi nne? Pasha chai unywe.

Bi Mkora: Na SOS je, ile ishara ya meli kuomba msaada? Kila siku "save our souls". Ilipitishwa Berlin mwaka 1906 kwa sababu ya mlio wake tu: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, mfululizo bila kupumua. Hata ukiwa na mawimbi masikioni huikosi.

Mtoa mada: Turudi kwenye mada jamani. MADAFTARI. Hao ndio watasoma taarifa ya habari kesho!

Dagaa Mchele: Mada gani mkuu, mimi wananiua kwa L na R. "Ajali imetokea mahari hapo." Mahari ya nani, aliyegongwa alikuwa anaoa?

Kitasa: 😂😂 Na "lais wa nchi".

Mla Mbivu: Afadhali hayo. Matangazo ya kubeti kila baada ya wimbo mmoja, saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanajiandaa kwenda shule!

Bi Mkora: Hapo sasa umesema. Kuna stesheni yoyote asubuhi isiyo na kubeti?

Dagaa Mchele: Zima redio, chomeka flashi.