Halmashauri imekata fedha za uji shuleni: watoto 600 tuwanyweshe vipi?

Mlezi_Igombe

Wakuu, habari za asubuhi. Shule yetu ya msingi huku ziwani ina watoto 600. Kwenye bajeti ya Julai kifungu cha uji kimekatwa karibu chote, tunaambiwa mapato ya ndani yameshuka. Kamati ya shule inakaa wiki ijayo. Naomba hesabu kamili ya kikombe kimoja, na ushauri: tuendelee kuidai halmashauri au tuhamie kwa wazazi? Wengi wao wanaishi kwa dagaa.

Bi_Nyakato

Mkuu, anza na kikombe. Mpe mtoto mililita 300 za uji mzito: unga gramu 50, sukari gramu 10. Ukishusha unga hadi gramu 30 umemnywesha maji ya moto, na saa 5 utamkuta anasinzia kwenye dawati. Kwa watoto 600 ni unga kilo 30 na sukari kilo 6 kwa siku, na maji kama lita 200 ukihesabu yanayopotea na mvuke. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo unahitaji kilo 5,820 za unga na kilo 1,164 za sukari.

Bei weka za kwenu. Mfano, unga ukiwa 1,200 kwa kilo na sukari 3,000, kikombe kinakula unga wa shilingi 60 na sukari ya 30. Ongeza 30 ya kuni, chumvi na posho ya wapishi. Jumla 120, yaani 72,000 kwa siku kwa watoto wote.

Sasa hapa ndipo kamati nyingi zinapokwama: zinamtoza kila mzazi 120 kana kwamba wote watalipa. Hawatalipa wote, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 hauruhusu mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Kumnyima kikombe huku mwenzake anakunywa mbele yake ni ukatili, msikubali hata siku moja. Wekeni 200. Wakilipiwa watoto 360, yaani 6 kwa kila 10, wote 600 wamekunywa.

Halafu tarehe. Wazazi wa dagaa msiwapangie mwisho wa mwezi kama watumishi. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na mwaloni, pale mitumbwi inapoleta samaki, hakuna hela. Kusanyeni wakati wa giza, tena kwa wiki. Mtu wa mwaloni 1,000 ya wiki anaitoa. 4,000 kwa mkupuo itamshinda.

Msoma_Vifungu

Hesabu iko sawa, ila halmashauri msiiachie. Iombeni kitu kingine. Fedha ya unga inakaa kwenye matumizi ya kawaida, na makusanyo yakiyumba katikati ya mwaka ndiyo inayokatwa mwanzo, hata kama madiwani waliipitisha. Ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo kuna ya vitabu; uji haiubebi. Ile 1,000 ya lishe mnayoisikia, inayotengwa na halmashauri kwa kila mtoto, ni ya watoto chini ya miaka 5, msiijengee matumaini.

Kitu kinachonunuliwa mara moja ndicho kinachodumu: majiko banifu mawili (yanayotumia kuni chache), sufuria mbili za lita 150, tanki la maji, stoo yenye chaga za mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni. Kikishasimama pale shuleni hakuna kikao kitakachokifuta mwakani. Bajeti ya Julai hii imeshapita, kwa hiyo lengeni inayofuata. Ombi lianzie kwenye mkutano wa mtaa, liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, muhtasari umfikie afisa mipango kabla ya Desemba. Na andikeni idadi na bei. Ombi linalosema "kuboresha lishe shuleni" litabaki kwenye faili. "Majiko banifu 2" mtu anaweza kuliingiza kwenye makadirio.

Mlezi_Igombe

Asanteni sana. Mahindi tununue lini, na tusage yote kwa mpigo? Wengine wanataka tuchanganye soya, karanga na dagaa.

Jiko_la_Kata

Nunueni mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Gunia 60 za kilo 100 zitawatosha kwa dona. Kabla ya kulipa, pimeni ukavu: chukua chupa kavu, tia mahindi hadi theluthi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Mkiyahifadhi hivyo mnaalika ukungu na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo. Makavu yawekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta, dumuzi hatapumua humo.

Msisage yote. Kiini cha mahindi kina mafuta, na dona likikaa linachacha na kuwa chungu. Sageni ya wiki mbili tu.

Soya ni nzuri, kilo 6 katika zile 30 za unga wa siku, lakini ichemshwe dakika 20, ikaushwe, ndipo isagwe. Mbichi inawavuruga watoto matumbo. Karanga mimi ningeziacha kwa sababu ya sumukuvu. Dagaa wapelekeni kwenye chakula cha mchana: walioanikwa chini wana mchanga usiotoka hata ukichekecha, na harufu yake itafanya uji umwagwe.

Kwenye kupika, mabonge yanatokana na kumwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Vurugeni unga wote kwanza na theluthi ya maji, yawe ya baridi, kisha mimineni taratibu huku mwiko unazunguka. Ukianza kutokota hesabuni dakika 25. Sukari iingie mwisho, moto ukishaondolewa, la sivyo uji unashika chini na sufuria nzima inanuka moshi. Wapishi wawashe saa 12:30. Sufuria ya lita 150 inachelewa sana kupoa, na mtoto wa darasa la awali hajui kupuliza; itoeni jikoni saa 3:00, na msimpe mtoto kikombe kabla hakijashikika.