Shule ya muziki ya jamii: je, mchujo unaafikiana na dhamira yake?

Mjumbe Mgeni

Habari zenu, ndugu. Nimeingia hivi karibuni katika bodi ya shule ya muziki isiyo ya kibiashara, na kikao changu cha kwanza kilitawaliwa na hoja moja. Kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, baadhi ya wajumbe wanataka kila mwombaji apimwe sikio la muziki na uwezo wa kufuata mapigo kabla ya kupokelewa, ilhali katiba yetu inasema shule ipo kwa ajili ya yeyote anayetaka kujifunza, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao. Kabla sijapiga kura, ningependa kufahamu shule za namna hii zilianzishwa kwa lengo gani, na kama zile za mwanzo ziliwahi kukabili swali hili.

Kalamu na Nota

Karibu, Mjumbe. Kwa Marekani, chimbuko la shule hizi ni nyumba za huduma za jamii zilizofunguliwa katika vitongoji vya wahamiaji maskini mwishoni mwa karne ya 19. Hull House, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr, ilikuwa na shule yake ya muziki kufikia mwaka 1893. Mwaka uliofuata, Emilie Wagner alianza kuwafundisha piano na fidla watoto wa wahamiaji jijini New York, na kutokana na kazi yake ikazaliwa Third Street Music School Settlement, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la mtaa wa tatu ingawa imeshahamia mtaa wa 11.

Swali lako hasa lilijibiwa Philadelphia. Huko, mwaka 1908, Blanche Wolf na Jeannette Selig walianza kutoa masomo ya piano kwa senti 5, na hapo ndipo ilipotokea Settlement Music School. Senti hizo hazikuweza kumlipa mwalimu, lakini naona zilimpa mzazi heshima ya mtu anayelipia somo la mwanawe badala ya kupokea sadaka. Mwaka 1917 shule ilipata jengo jipya kwa ufadhili wa Mary Louise Curtis Bok. Wanafunzi wenye vipaji vikubwa walipozidi kujitokeza, kitengo chao kilitengwa, na mwaka 1924 kikawa taasisi inayojitegemea, Curtis Institute of Music. Curtis haitozi ada ya masomo, lakini mchujo wake ni mkali mno. Settlement imeendelea kuwapokea wanaoanza. Kwa maneno mengine, hawakuweka mchujo mlangoni, bali walijenga nyumba ya pili kwa wale waliouhitaji.

Mwalimu wa Fidla

Nakubaliana na mwenzangu, ila niongeze la darasani. Mtoto wa miaka saba ukimpima sikio, mara nyingi unachopima ni kama nyumbani kwao kuna piano au mtu anayeimba. Nimewahi kumfundisha binti ambaye siku ya kwanza hakuweza kupiga makofi manne yakalingana, na kwa miezi kadhaa kazi yetu kubwa ilikuwa kuulegeza mkono wake wa kulia, kwani aliushika upinde kama anayeshika nyundo. Mwaka wa pili ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni mahali pa kuweka kidole gumba.

Nchini Venezuela, katika El Sistema, mpango wa kuwafundisha watoto muziki wa orkestra ulioasisiwa na José Antonio Abreu mwaka 1975, watoto wadogo huanza katika orkestra ya karatasi: hutengenezewa fidla za karatasi ngumu, wakajifunza kusimama, kushika na kumtazama kiongozi kabla hawajakabidhiwa ala yenyewe. Kipimo kiwepo, lakini kiwe cha kumpanga mwanafunzi katika kundi linalomfaa baada ya kupokelewa. Nafasi zikijaa, orodha ya kusubiri kwa zamu ya maombi ni ya haki zaidi.

Mkono wa Udi

Tusisahau kwamba baadhi ya shule hizi zina jukumu kwa muziki wenyewe pia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 2002, hufundisha taarabu, ngoma na kidumbaki, na ala kama udi na kanuni ambazo mwalimu wake hapatikani kila mahali. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kuziweka sawa tu ni somo kamili; ukimchuja anayeanza kwa sababu sikio bado, nani atakayejifunza kuzilinganisha?

Hata hivyo, mwaka 2019 chuo hicho kilikabiliwa na hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Mjumbe, ningekushauri uulize bodini kama hoja ya mchujo si hoja ya fedha iliyovishwa kanzu. Ada ya mwanafunzi haifikii gharama ya mwalimu, ala na jengo, hivyo kila anayepokelewa huongeza pengo ambalo wafadhili hawana budi kuliziba.

Mjumbe Mgeni

Shukrani kwenu nyote. Mkono wa Udi, umegusa penyewe: taarifa ya mhazini ilikuwa ajenda ya mwisho, nayo haikujadiliwa kwa sababu muda ulikwisha. Nitaomba iwe ya kwanza katika kikao kijacho, na kura ya mchujo isubiri.